Yaya Imechoka

Hakuna sauti ya kiumbe nisiyoweza kuiiga. Jogoo, chura, mtoto mwenye homa, mwanamume anayekataa kwamba amelewa: wewe nitajie tu, nikuletee. Mbwa wa jirani nikimbwekea, ananijibu. Lakini nisijisifu sana, maana mbwa huyo huujibu hata mlango bawaba zikilia, na iko sauti moja ambayo heri ningeshindwa kuiiga.

Kazi yangu ni kuzisemesha katuni. Picha huja studio zikiwa zimeshachorwa, watu wake wanafumbua na kufumba midomo kama samaki, na sisi tunawatia maneno. Kwa miaka ishirini na tatu nimekuwa paka wote, kunguru wote, majirani wambea wote na vikongwe wote wenye nia mbaya. Studio nzima wananiita Bibi Paka. Hata mlinzi wa getini kila asubuhi huniuliza, "Bibi Paka, panya hawajambo?" Namjibu, "Hawajambo, mmoja nimemwacha nyumbani, amefanana na wewe masharubu."

Wifi yangu, dada yake marehemu mume wangu, hakuwa paka hata siku moja. Yeye alikuwa mama, malkia, mwalimu mkuu, nyota ya asubuhi. Alikuwa na sauti ya chini, yenye ubaridi kidogo, kama kitambaa kilicholowa maji kikiwekwa kwenye paji la uso. Tulikaa nyumba moja tangu sote wawili tubaki wajane, tukitaniana kama mawifi wanavyotaniana, yaani bila huruma. Ataniambia, "Kaka yangu alikuchumbia gizani." Nami nitamwambia, "Kweli wifi, taa tulizima makusudi, ulikuwa umesimama dirishani." Lakini kilichomchoma zaidi ni kumwiga. Nikiita jikoni kwa sauti yake, binti yake aliitika "Abee mama!" na kuja mbio, na nyuma ya binti alikuja mama mtu mwenyewe na mwiko mkononi.

Sasa, Yaya. Yaya ni mtu wa chuma katika katuni moja ndefu ya sehemu ishirini na sita. Kiwanda kimemuumba kwa sura ya mwanamke wa makamo, akapelekwa kwenye nyumba ya watoto wawili yatima awapikie na kuwalaza. Hapo nimeshakosea. Nimesema "kimemuumba," nimesema "akapelekwa," na wifi angekuwa hai angenikatiza: "Kimeiumba, wifi. Ikapelekwa. Bado ni sufuria hiyo." Kwa sababu hila yote ya Yaya ilikuwa ya wifi. Mswada ulipofika, waliotafsiri walikuwa wameandika "mimi" kila mahali. Wifi akaweka miwani chini akasema, kitu hakijiiti mimi. Basi Yaya akawa anajitaja kwa jina, na kwa ngeli ya vitu. Yaya imepika. Yaya imesikia. Yaya haijui. Hivyo hivyo sehemu baada ya sehemu, mpaka ile ya mwisho, watu wa kiwanda wanapokuja kuizima, ndipo iseme kwa mara ya kwanza, "Yaya amechoka." Herufi moja imebadilika, na chuma kimekuwa mtu.

Mwelekezi wetu, tunayemwita Bwana Tena kwa sababu ndilo neno analolijua vizuri kuliko jina lake, aliposikia mpango huo alitoka nje kwenda kupiga chafya, akarudi na macho mekundu. Na watoto mitaani waliipokea ile lugha kama peremende. Ukimtuma mtoto dukani anakujibu, "Mtoto imesikia."

Zikiwa zimebaki sehemu nane, wifi akaugua. Ugonjwa wa mapafu. Ngazi tatu zikawa mlima. Na miezi hiyo hiyo studio ilikuwa imeleta mashine ya sauti. Unaisomea sentensi elfu mbili, mashine inajifunza sauti yako, halafu ukiandika neno lolote inalisema kama wewe, hata ukiwa umelala, hata ukiwa safarini, hata ukiwa huko ambako sote tutakwenda.

Aliyemsihi wifi akubali alikuwa binti yake huyo huyo wa kuitika abee. Siku hizi ni mhariri wa sauti pale studio. Tunamwita Mkasi, kwa kuwa kazi yake ni kukata pumzi, mate na mikohozi ya watu kwenye rekodi. Alikuja nyumbani mchana, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake.

"Mama, unataka Yaya afe na wewe?"

"Ife," mama yake akamsahihisha.

"Mama!"

"Mwanangu, nimeisemea mashine miaka miwili nikijifanya mimi ndiyo mashine. Sasa mashine ijifanye ndiyo mimi? Hapana. Sauti yangu nitaondoka nayo."

"Kwa hiyo mimi nibaki na nini?"

Wifi akageukia ukutani. Mkasi akaondoka, akaubamiza mlango hata saa ikaanguka, na kwa zaidi ya wiki nzima hakukanyaga. Alinipigia simu mimi tu: "Mkaza mjomba, mama amekula?" Kisha anakata.

Kinasa sauti alichokileta kilibaki mezani, pamoja na karatasi za zile sentensi. Nilikiangalia siku ya kwanza. Nilikiangalia siku ya pili. Siku ya tatu wifi alipopitiwa na usingizi baada ya dawa, nilikichukua, nikaingia nacho stoo, nikafunga mlango, nikajifunika blanketi kichwani mimi na kinasa sauti, kama Masikio, fundi wa sauti pale studio, alivyotuelekeza, ili sauti isirudi kutoka ukutani. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Kwa hiari yangu mwenyewe, nakubali sauti yangu itumike." Niliisoma kwa sauti ya wifi. Sikuhitaji hata kurudia.

Nilisoma siku tisa, kila alipolala. Nilijiambia nafanya kwa ajili ya mtoto, na nusu yake ilikuwa kweli. Nusu ya pili ni kwamba nilikuwa nimesema nyau miaka ishirini na tatu, na nilitaka, walau nikiwa chini ya blanketi, kuwa Yaya.

Siku ya tisa nikampigia Mkasi simu. "Mama yako amekubali. Amemaliza kusoma. Amesema ni kwa ajili yako." Nilisikia akilia kule upande wa pili. Jioni akaja, akapiga magoti, akaushika mkono wa mama yake na kuubusu. Wifi akadhani mtoto amekuja kuomba radhi kwa kubamiza mlango. Mtoto akadhani mama ameshamsamehe. Wakashikana mikono mpaka chai ikapoa, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Nami nimesimama mlangoni na sinia, nimetulia kama malaika wa kwenye kalenda.

Wifi akafariki siku kumi baadaye, mchana, dirisha likiwa wazi. Mkasi alikuwa kazini. Tangu hapo mtoto huyo akawa na kitu kimoja tu cha kushika: kwamba mama yake, aliyekuwa mgumu kama jiwe la kusagia, alilegea kwa ajili yake akampa sauti yake. Mara ngapi nilimsikia akiwaambia watu: "Alikubali mwenyewe. Mwisho kabisa, alikubali." Na mimi nilikuwa na Mkasi tu. Sina mtoto, sina mume, sina wifi. Hakuna mwingine duniani anayeniita mkaza mjomba. Akijua, nitabaki Bibi Paka.

Siku mashine ilipowashwa, tulikusanyika wote chumba cha kioo. Masikio, mtu wa mkono mwepesi na utani mzito, akaandika maneno mawili, akabonyeza.

"Yaya imesikia."

 Bwana Tena alisahau kusema tena. Mkasi aliinuka akaweka kiganja chake juu ya spika, kama mtu anavyopima homa ya mtoto.  Mimi nilijua ile sauti ilikotoka. Ilitoka stoo kwangu, kati ya ndoo na mifuko ya mkaa. Lakini mashine ilikuwa imeipiga pasi. Ule ukorofi wangu, ule mkia wa paka ambao huwa unanitoka hata nikiwa malkia, ilikuwa imeukunja na kuuficha. Kilichobaki hakikuwa mimi. Kilikuwa wifi zaidi kuliko nilivyomfanya mimi.

Masikio alikuwa ameiwekea mashine uwezo wa kujibu, ukiongea nayo kama unaongea na Yaya. Ilikuwa ya majaribio tu. Mkasi akaacha kwenda kula mchana. Siku moja nilimpelekea mkate, nikasimama nje ya mlango, nikasikia.

"Yaya, umekula?"

"Yaya haili. Wewe umekula?"

Mkasi akacheka, kicheko cha mtoto wa miaka sita. Kisha akasema polepole, "Mama. Ulikuwa umenikasirikia?"

Mashine ikakaa kimya. Huwa inakaa kimya kidogo ikitafuta jibu, Masikio alishatueleza, ni hesabu tu zinazunguka humo ndani. Lakini ule ukimya niliujua. Wifi alikuwa nao, pale anapokuwa na jibu na anafikiria kama unalistahili.

"Yaya haijui kukasirika," ikasema. "Yaya inasubiri."

Mkate ule niliula mwenyewe, nje, kwenye ngazi, bila kuhisi ladha.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuniharibikia mdomoni. Asubuhi moja nilimsalimia jirani yangu getini, "Umeamkaje, mwenzangu?" na yule mama akaachia ndoo, maji yote chini, akanikodolea macho. "Wewe! Ulivyosema hivyo! Nimedhani marehemu!" Nikacheka, nikasema ni utani. Haukuwa utani. Nilikuwa nimekusudia kumsalimia kwa sauti yangu. Studio nikaingia kuwa jirani mmbea wa Yaya, na Bwana Tena akaketi wima.

"Tena! Bibi Paka, mbona una sauti ya marehemu?"

Nikajaribu tena. Nikajaribu kwa kubana pua. Mwisho akaniambia nipumzike, nifanye paka kwanza. Nikafanya paka. Jamani, hata nyau ilitoka ya wifi, nyau ya kistaarabu, yenye miwani. Masikio alicheka mpaka akavua hedifoni, sikucheka naye. Na nyumbani, mchana mweupe, nikipanga vyombo, niliita kama nilivyozoea, "Wifi, lile bakuli la bluu umeliweka wapi?" na mdomo wangu mwenyewe ukajibu, kwa sauti yake, "Abee?" Sikukusudia kujibu. Nililikuta lile bakuli, lakini sikulitumia.

Ndipo tukafika sehemu ya ishirini na nne. Mtoto wa kike anamkuta Yaya ameketi jikoni peke yake, anauliza, "Yaya, mbona umekaa hivyo?" Jibu lililoandikwa: "Yaya imechoka." Masikio akabonyeza.

"Yaya amechoka."

"Tena," akasema Bwana Tena.

"Yaya amechoka."

"Umeandika nini wewe?"

"Imechoka. Hii hapa, bosi, i kama ingia. Soma mwenyewe."

"Tena!"

"Yaya amechoka."

Mara kumi na moja. Na kwenye picha mdomo wa Yaya umebana, unaoana na i, wakati ile a inataka mdomo wazi. Kwa hiyo ilionekana kama sauti inatoka kwa mtu mwingine, aliyesimama nyuma yake.

"Mashine haikosei hivi hivi," Masikio akasema. "Imefundishwa. Kwenye zile elfu mbili iko mahali mwenyewe kasema amechoka."

"Mama?" Mkasi akageuka. "Mama hakosei ngeli. Mama alikuwa anasahihisha mabango ya barabarani."

Kisha uso wake ukabadilika. "Basi hakukosea," akasema. "Alikuwa anasema kweli. Alikuwa amechoka."

Mimi, kwenye kiti cha pembeni, nilikumbuka. Ilikuwa siku ya sita au ya saba. Joto lilinizidi, nikafunua blanketi nipate hewa, na mlango wa stoo haukufungika sawasawa. Kupitia ule ufa nilimwona wifi kitandani, mdomo wazi, mkono wake juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Nikajifunika tena. Karatasi ilisema Yaya imechoka. Macho yangu yalikuwa bado yanamwona yeye, na ulimi ukasema ulichokiona.

Nikainuka haraka. "Bwana Tena, si uiache tu? Ni nzuri hivyo. Mwache Yaya awe mtu mapema."

"Akiwa mtu sehemu ya ishirini na nne, ya ishirini na sita atakuwa nini? Mbunge?"

"Watazamaji hawatajua. Herufi moja!"

"Bibi Paka, katuni nzima ni hiyo herufi moja." Akamgeukia Mkasi. "Zipitie sentensi zote. Ile mbaya itoe, tuifundishe upya. Ijumaa nataka iseme i."

Nikarudi kitini. Sentensi elfu mbili, moja moja, na masikio ya mtoto aliyezaliwa humo humo ndani ya ile sauti.

Jumatatu nilimpelekea chai. "Umefika wapi?"

"Mia tatu na kitu." Alikuwa akitabasamu. "Mkaza mjomba, anasoma vizuri! Mgonjwa, lakini unasikia kama anacheza. Kuna mahali kasema 'mbuzi wamekula nguo' nikacheka peke yangu. Alirekodia wapi? Sauti imekauka, kama ndani ya pamba."

"Kitandani," nikasema. "Alijifunika."

Jumanne nilijikwaa kwenye waya, umeme ukazimika chumba kizima. Masikio akaja na tochi. "Bibi, umejikwaa kwenye waya gani?" Nikamwonyesha. "Huu uko juu ya kabati, Bibi." Nikamwambia uzee ni kitu kibaya, miguu inafika kwingi. Kompyuta ilikuwa imehifadhi kila kitu.

Jumatano hakutabasamu. Nilimkuta ameshikilia kichwa, hedifoni shingoni.

"Elfu moja na mia mbili," akasema. "Mkaza mjomba, naogopa kuendelea."

"Basi acha. Mwambie Bwana Tena imepotea."

"Sentensi elfu mbili. Mtu ambaye hawezi kupanda ngazi tatu. Nani alimtaka afanye hivyo? Mimi. Akanifanyia, na siku kumi baadaye..." Hakumaliza. "Silali, mimi. Nikifumba macho nasikia amechoka, amechoka. Si mashine ile. Ni yeye ananiambia. Nilimmaliza mimi."

Basi uone nilipofika. Uongo niliompa umfute machozi ulikuwa umeota meno. Ilitosha niseme maneno matatu, aliyesoma ni mimi, naye angeacha kujilaumu kwa kifo cha mama yake. Lakini papo hapo angempoteza mama aliyemsamehe, na mimi ningempoteza yeye. Nilifumbua mdomo. Nilikuwa karibu kabisa.

"Alisoma akicheka, mwanangu," nikasema. "Alikuwa anafurahi. Nilimsikia."

Akageuza kiti, akanitazama. "Ulimsikia?"

"Kwa mbali. Nikitoka kwenda sokoni."

Akaitika kwa kichwa, akavaa hedifoni, akanipa mgongo.

Alhamisi asubuhi mlinzi aliniambia, "Bibi Paka, unaitwa ndani." Hakuuliza habari za panya. Chumba cha uhariri kilikuwa na Mkasi peke yake. Mapazia yalikuwa wazi, jua limeingia mpaka kwenye meza, vumbi linaelea. Kwenye kioo cha kompyuta mistari ya sauti ilikuwa imesimama, milima na mabonde, na mahali pamoja amepawekea alama nyekundu.

"Nimeipata," akasema. "Elfu moja mia nne na kumi na sita. Kaa."

Nikakaa.

"Kabla sijaitoa, nataka kujua kitu kimoja. Siku mama anarekodi, nani alikuwepo?"

"Yeye na kinasa sauti chake. Hakutaka mtu karibu."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Sokoni."

"Siku zote tisa?"

"Siku zote tisa. Ananituma yeye mwenyewe, 'Wifi, nenda sokoni niachie nafasi.'"

 Akanivika hedifoni kwa mikono yake, taratibu, akiziondoa nywele zangu masikioni kama mtu anayemvalisha mtoto kofia. Akabonyeza.

Ilikuja karibu sana, ndani kabisa ya kichwa changu, ile sauti yenye ubaridi: "Yaya amechoka." Kimya kifupi. Nikasikia karatasi ikigeuzwa. Kisha Mkasi akasogeza kitufe fulani juu, juu zaidi, na kile kimya kikaanza kuvuma, kama unavyosogea karibu na mto. Ndani ya ule uvumi, mbali, nyuma ya mlango ambao haukufungika sawasawa, mtu akakohoa. Kikohozi kile sikukiiga mimi. Kikohozi kile hakiigiki.

"Wifi?"

 Nilikuwa chini ya blanketi siku ile. Sikuwa nimesikia.

"Wifi, unaongea na nani humo?" Pumzi. Pumzi nyingine, ya taabu. Halafu ile sauti, ndogo, imejaa mshangao, kama mtu aliyeamka akakuta kitanda chake kina mtu: "Mbona kama ni mimi?"

Na hapo kwenye rekodi, karibu, bila hata kusita, sauti yake hiyo hiyo ikasoma sentensi ya elfu moja mia nne na kumi na saba: "Watoto wamelala, nyumba imetulia."

Mkasi akanivua hedifoni. Macho yake yalikuwa makavu. Alizikunja nyaya zake vizuri, akaziweka mezani, akanigeukia na kuniangalia usoni, mdomoni hasa, kama anavyoangalia midomo ya picha kuona kama imelingana na maneno.

"Hebu niambie tena, mkaza mjomba," akasema. "Sokoni ulikuwa unanunua nini?"

"Vitunguu," nikajibu, na ikatoka kwa sauti ya mama yake.